Picha za Kushikwa Mkononi: Kusoma na Kufundisha Sanaa ya Japani

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kunisikiliza jioni hii, asanteni sana.

Picha mnayoiona ukutani sidhani kama kuna asiyeijua. Ni wimbi la Katsushika Hokusai, lililochapwa mjini Edo, yaani Tokyo ya leo, karibu mwaka 1831. Mmeliona kwenye fulana, kwenye vikombe, kwenye makava ya simu. Projekta yetu imelikuza hadi linaweza kummeza mtu mzima aliyesimama mbele yake. Sasa chukueni karatasi mlizogawiwa mlangoni. Hiyo ndiyo saizi yake halisi: upana sentimita 38, kimo sentimita 26 hivi. Ishikeni kwa mikono miwili, isogezeni karibu na uso kama mtu anayesoma barua. Hivyo ndivyo ilivyotarajiwa iangaliwe. Mnunuzi wa Edo aliilipia fedha zisizozidi sana bei ya bakuli la tambi za soba, akaenda nayo nyumbani, akaitazama ameketi juu ya mkeka, akampa na mwenzake aitazame.

Hoja yangu leo ni moja. Sehemu kubwa ya sanaa ya Japani tunayoifundisha ilitengenezwa ili ishikwe, ikunjuliwe, isogezwe, iangaliwe kwa taa iliyowashwa pembeni. Mwalimu anayeionyesha ukutani tu anawanyima wanafunzi nusu ya sanaa yenyewe. Na nusu hiyo ikikosekana, pengo lake hujazwa haraka na maneno ya jumla: roho ya Japani, utulivu wa Zen, wepesi wa Mashariki. Nimefundisha somo hili miaka mingi na nimeyasikia maneno hayo kwa wanafunzi, kwa waongoza watalii, hata vitabuni. Yananiudhi kwa sababu yanawafuta watu. Picha hizi zina wachongaji, wachapaji, wafanyabiashara, wakaguzi wa serikali na wanunuzi. Kila mmoja wao ameacha alama inayoonekana, mradi uwe umefundishwa mahali pa kutazama.

Tuanze karakana. Hokusai alichora kwa brashi na wino juu ya karatasi nyembamba. Mchoro ule haupo tena. Mchongaji aliubandika kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, akaifikicha karatasi kwa kidole hadi mistari ikajitokeza, kisha akapita na kisu kandokando ya kila mstari, kushoto na kulia, na kuondoa kwa patasi sehemu zote za ubao zilizokuwa katikati. Kuchonga ndiko kulikouangamiza mchoro. Kwa hiyo mtu akiniuliza picha asilia ya wimbi iko makumbusho gani, sina pa kumpeleka. Kuna chapa tu, nyingi, na kila moja ni asilia.

Baada ya ubao wa mistari zilifuata mbao za rangi, kila rangi na sehemu yake. Ukutani nimeweka ubao mmoja wa rangi, na naomba mtazame kona ya chini upande wa kulia. Mnaona alama ndogo ya pembe, na mbele yake kidogo alama nyingine ya mstari mfupi? Zinaitwa kento. Mchapaji hutegesha kona ya karatasi kwenye alama ya kwanza na ukingo wake kwenye ya pili, kila mara, kwa kila rangi. Karatasi ni ya maganda ya mforosadi, imepakwa gundi na shabu ili wino usisambae, na inachapwa ikiwa na unyevu. Ikikauka inasinyaa, na ikisinyaa rangi hazikutani tena na mistari. Hakuna mashine ya kukandamiza. Mchapaji hutumia kisugulio cha mviringo kilichofungwa kwa ganda la mwanzi, na nguvu yote inatoka begani. Ukigeuza chapa nzuri ya zamani utaona mgongoni duara za msuguo ule, mwendo wa mkono wa mtu ambaye jina lake kwa kawaida halikuandikwa popote.

Tokyo bado wapo wanaofanya kazi hii kwa njia ileile, kwa mfano katika Taasisi ya Adachi, ambako wachongaji na wachapaji vijana hufunzwa kwa kuchonga upya mbao za Hokusai na za Hiroshige, mchoraji mwingine wa chapa wa Edo. Mwanahistoria wa sanaa anayewatazama kwa siku moja tu anajifunza mambo ambayo maktaba haitamwambia. Hasa kuhusu anga. Ule wekundu au ubuluu unaofifia polepole kutoka juu kwenda chini, ambao wengi hudhani ni ufundi wa mchoraji, haukuchongwa kabisa. Mchapaji huupata kwa kulowanisha ubao na kupangusa rangi kwa mkono wake, upya, kwa kila karatasi. Ndiyo maana hakuna chapa mbili za Hiroshige zenye anga sawasawa.

Na nyuma ya wote hao alikuwepo mwenye fedha, mchapishaji. Wa Hokusai aliitwa Nishimuraya Yohachi. Ndiye aliyelipa mchoraji, mchongaji, mchapaji na karatasi, na ndiye ambaye angepata hasara biashara ikilala. Wimbi ni sehemu ya mfululizo ulioitwa Mandhari Thelathini na Sita ya Mlima Fuji, lakini ukizihesabu utakuta picha 46. Mfululizo uliuzwa vizuri, mchapishaji akaongeza picha kumi, jina likabaki lilelile. Jambo kubwa zaidi alilolisimamia ni rangi. Buluu hii kali ilivumbuliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18. Ilifika Japani kwa meli za Waholanzi na za Wachina kupitia bandari ya Nagasaki. Kwa muda mrefu ilikuwa ghali mno kwa picha za bei rahisi. Mwishoni mwa miaka ya 1820 bei ikashuka, na hapo ndipo wachapishaji wa Edo walipoidaka. Buluu za zamani, ya nili na ya maua, zilikuwa hafifu au zilififia. Hii ya Berlin ilistahimili, na iliweza kwenda kutoka giza hadi karibu weupe bila kuchafuka. Hata mistari ya wimbi imechapwa kwa buluu badala ya wino mweusi. Kwa hiyo picha inayouzwa leo kama kiini cha Ujapani ilitokana na kemia ya Ulaya, vyombo vya kigeni, hesabu za mfanyabiashara, na mchoraji wa miaka sabini ambaye alikuwa bado na njaa ya kujifunza. Sioni kwamba jambo hilo linaipunguzia heshima. Kwangu linaiongezea.

Tazameni tena karatasi zenu. Kuna mashua tatu ndefu, zile zilizopeleka samaki wabichi haraka katika soko la Edo. Wapiga makasia wameinama, wanane katika kila mashua, na hakuna hata mmoja aliyeinua uso. Maandishi ya Kijapani yalisomwa kwa safu zilizoanzia kulia. Jicho la mnunuzi wa Edo liliingia kwa kulia, likazifuata mashua kuelekea kushoto, likakutana na wimbi uso kwa uso pamoja na wavuvi. Sisi tuliozoea kuanzia kushoto tunaingia kwa upande wa wimbi na kuanguka nalo. Waliosoma chuoni, wenye mazoea ya hati za Kiarabu, watalihisi hili mara moja. Wengine jaribuni kuanza kulia, mtaona picha inavyobadilika.

Kisha nendeni kona ya juu kushoto, kwenye kisanduku chenye jina la picha. Kisanduku kina mistari miwili ya ukingo. Kwenye chapa za mwanzo mistari hiyo ni mizima. Kadiri ubao ulivyotumika, kingo zake zikalika, na mistari ikaanza kukatika. Mtafiti aliye mbele ya chapa mbili za wimbi huanzia hapo, kabla ya kutazama wimbi lenyewe, ili ajue ipi ilitangulia. Na kwenye chapa zilizotunzwa vizuri, angani nyuma ya Fuji kuna wingu la waridi hafifu sana. Katika chapa nyingi halipo tena. Mwanga umelila.

Suala hili la mwanga lina kisa ambacho huwasimulia wanafunzi kila mwaka. Mwaka 1921 ndugu wawili wa familia ya Spaulding walilipa Jumba la Sanaa la Boston mkusanyo wao wa chapa za Kijapani, kama 6,500, kwa sharti moja: zisiwekwe maonyeshoni kamwe. Watu wengi wakisikia hivyo hukasirika, na mimi nawaelewa. Lakini matokeo yake ni kwamba mle ndani zambarau ya Kitagawa Utamaro, mchoraji wa chapa wa Edo, bado ni zambarau. Rangi yake ya buluu ilitoka kwenye petali za ua dogo la porini, na petali hizo hazivumilii mwanga wala unyevu. Chapa zake nyingi zilizotundikwa sebuleni Ulaya na Marekani zimegeuka kahawia na manjano. Vizazi vya waandishi vilisifu rangi za Kijapani kwa upole wake, wakati walichokuwa wakisifu ni kuchujuka. Leo makumbusho mengi huzionyesha kwa mwanga wa luksi 50 tu, kwa wiki chache, kisha huzirudisha sandukuni zipumzike miaka. Mwanafunzi anayelalamika kwamba ukumbi una giza nampa jibu hilo.

Upande wa serikali nitaupitia upesi. Kuanzia mwaka 1790 chapa zilitakiwa kubeba muhuri wa mkaguzi kabla hazijauzwa, na muhuri huo umo ndani ya picha yenyewe, mduara mdogo karibu na saini. Mwaka 1804 Utamaro alifungwa pingu siku 50 kwa picha za Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa zamani ambaye ukoo uliokuwa madarakani haukutaka akumbukwe hovyo. Alifariki mwaka 1806. Mwaka 1842 serikali ikapiga marufuku picha za waigizaji wa kabuki, maigizo ya jukwaani ya Kijapani, na za warembo wa mitaa ya starehe, yaani bidhaa mbili zilizokuwa zikilisha soko zima. Anayeshangaa kwa nini mandhari ya milima na barabara ilishamiri karne ile azingatie sheria hizi pia, pamoja na watu kupenda kusafiri.

Ila kuna chapa zisizo na muhuri wala saini ambazo nazipenda kuliko nyingi zilizo maarufu. Usiku mmoja mwezi Novemba 1855 tetemeko la ardhi liliikumba Edo na kuua maelfu. Watu waliamini kwamba chini ya nchi yupo kambare mkubwa, na kwamba mungu wa Kashima ndiye anayemkandamiza kwa jiwe asifurukute. Siku chache tu baada ya tetemeko mitaa ilijaa chapa za kambare. Katika moja wakazi wa mji wanampiga kwa vyombo vya kazi na vya jikoni. Katika nyingine seremala, wapiga lipu na waezekaji, yaani waliopata kazi na ujira mnono kwa kujenga upya mji, wanasimama upande wake au wananywa naye. Katika nyingine kambare anawatapisha matajiri sarafu za dhahabu. Mamia ya michoro ilitoka ndani ya wiki chache, hadi serikali ilipoamuru biashara hiyo ikome. Hapo ndipo ninapowaambia wanafunzi kwamba tunasoma mambo mapana kuliko sanaa bora. Chapa ya kambare haikuchongwa kwa umahiri wa Hokusai. Mbao zilichongwa haraka, rangi zimepishana. Lakini hakuna hati ya serikali inayoeleza vizuri kama chapa hiyo jinsi mji uliovunjika ulivyogawanyika kati ya waliofiwa na walioneemeka.

Sasa magombo. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo slaidi inapotudhulumu zaidi.

Gombo la picha ni ukanda mrefu wa karatasi uliozungushwa kwenye kijiti. Msomaji huliweka juu ya meza fupi, hulikunjua kwa mkono wa kushoto na kulikunja kwa mkono wa kulia, akiona kipande cha urefu wa mikono yake tu. Vitabu vya kiada huchapisha gombo zima kama utepe mwembamba chini ya ukurasa. Ni kama kumpa mtu taarab yote kwa pigo moja la ngoma.

Chukueni gombo la kuchomwa kwa kasri la Sanjo, la karne ya 13, lililopo Boston. Lina urefu wa mita 7 hivi. Linasimulia usiku wa fitina Kyoto, mwishoni mwa mwaka ambao sisi tungeuita 1159, ambapo Fujiwara no Nobuyori na Minamoto no Yoshitomo walimteka mfalme mstaafu Go-Shirakawa. Darasani tunatengeneza nakala yake kwa karatasi zilizounganishwa kwa gundi, na kila jozi ya wanafunzi huikunjua mezani. Mwanzoni kuna maandishi. Kisha magari ya ng'ombe yanakimbia kuelekea kushoto, watu wanakimbia, gurudumu linampanda mtu aliyeanguka. Wote wanaelekea mahali ambapo wewe bado hujakunjua. Wao wanajua kuna nini, wewe hujui. Mkono wa kushoto unaongeza kasi wenyewe. Nimeliona kwa kila kundi, hakuna anayekunjua taratibu pale. Halafu ukuta. Halafu moto, na moto ule mchoraji ameujaza kimo chote cha karatasi, mwekundu na mweusi wa moshi, kiasi kwamba kwa upana wa mikono miwili huoni kitu kingine. Ndani ya moto watu wanakatwakatwa. Wanawake wa kasri wametumbukia kisimani, wa chini wamezama, wa juu wanasagwa na waliowaangukia. Hapo mikono husita. Ukifika baada ya moto, askari wanaondoka na gari la mfalme, vichwa vimechomekwa juu ya mapanga marefu, na karatasi inaanza kuwa tupu. Kundi linapungua, nafasi zinaongezeka, hadi mbele kabisa anabaki mpanda farasi na askari mmoja wa miguu mwenye upinde. 

Mchoraji yule, ambaye jina lake hatulijui, alipanga mwendo wa mikono yako. Alijua utaharakisha wapi na utasita wapi. Hilo haliwezi kuonekana ukutani hata kwa projekta nzuri namna gani. Na linaonyesha pia namna ya kuyatendea haki magombo ya Simulizi ya Genji, hadithi ya kale ya maisha ya mwana wa mfalme, magombo ya karne ya 12 yaliyopo katika majumba ya makumbusho ya Tokugawa mjini Nagoya na Gotoh mjini Tokyo. Kule mwendo ni wa polepole kabisa. Paa la nyumba limeondolewa ili tuchungulie ndani kutoka juu. Nyuso zimechorwa kwa mstari mmoja wa jicho na kikulabu cha pua. Huzuni haipo usoni, imo kwenye mishazari ya kuta. Kuna tukio ambapo Genji amempakata mtoto ambaye yeye anajua si wake. Mchoraji amembana juu kabisa, karibu na ukingo wa picha, sakafu ikiwa imeinama kama itakayommwaga. Wanafunzi wanaotafuta hisia kwenye uso hawapati kitu. Wakielekezwa kutazama pembe za sakafu, darasa huwa kimya kwa muda.

Viambaza vya kukunja, byobu, navyo vina dai lao. Maua ya buluu ya Ogata Korin, yaliyochorwa mwanzoni mwa karne ya 18 na kutunzwa katika Jumba la Nezu jijini Tokyo, yamechapishwa vitabuni yakiwa yamenyooshwa kama bango. Ni jozi ya viambaza, kila kimoja na paneli sita, na vilisimama sakafuni kwa zigizaga. Kwa hiyo paneli moja inakujia, inayofuata inarudi nyuma. Mandharinyuma yake ni dhahabu tupu. Katika chumba kilichopata mwanga kutoka chini, mlangoni au kwenye taa ya mafuta, paneli zilizokujia ziling'aa na zilizorudi nyuma zikawa na kivuli, na ukisogea mng'ao unahama nawe. Wasomi wa Kyoto walikijua kisa cha zamani cha msafiri aliyefika kwenye daraja la mbao nane katikati ya maua hayo akaikumbuka nyumbani. Korin akamwondoa msafiri, akaliondoa daraja, akabakisha maua. Mtazamaji anayepita mbele ya viambaza ndiye anayekuwa msafiri.

Lakini kuna jambo jingine kwenye maua hayo, nalo ndilo lililonivutia miaka yote. Ukitazama kwa makini utakuta mafungu ya maua yanajirudia, mstari kwa mstari. Korin alitumia kigezo kilichokatwa, akakihamisha. Ukoo wake ulikuwa na duka la vitambaa vya mavazi Kyoto, Kariganeya, lililowauzia watu wa tabaka la juu. Alikulia katikati ya vigezo vya kutia rangi nguo. Hapo mpaka kati ya mchoraji mkubwa na fundi wa nguo, mpaka tunaoufundisha kana kwamba umetoka mbinguni, haupo.

Basi umetoka wapi? Kwa sehemu kubwa umetoka katika enzi ya Meiji. Baada ya 1868 serikali mpya iliutenga Ubudha na ibada za Kishinto, mahekalu mengi yakaporwa, sanamu zikauzwa kwa bei ya kuni. Mwaka 1878 Mmarekani Ernest Fenollosa alifika Tokyo kufundisha falsafa chuoni, akaanza kuzunguka mahekalu pamoja na mwanafunzi wake Okakura Kakuzo. Mwaka 1884 walifika Horyu-ji, karibu na Nara, wakataka wafunguliwe sanamu ya Kannon, mungu wa huruma wa Kibudha, ambayo ilikuwa imefichwa tangu kale. Makuhani waliogopa kwamba tetemeko lingeuangusha ukumbi. Hatimaye kufuli lilifunguliwa na vitambaa vikafunguliwa, mita na mita za vitambaa, na ndani yake mkawa na sanamu ya karne ya 7 ambayo dhahabu yake haijachakaa. Chuo cha sanaa cha Tokyo kilifunguliwa mwaka 1889, Okakura akawa kiongozi wake baada ya muda mfupi. Sheria ya kuhifadhi mahekalu ya kale ilifuata mwaka 1897. Tunawiwa nao sana. Vitu vingi vingepotea. Ila walipochagua cha kuokoa walichagua pia cha kuacha. Chapa za Edo hazikuhesabiwa. Zilikuwa vitu vya watu wa mitaani, zikanunuliwa na wageni kwa mafungu, na ndiyo maana mtafiti Mjapani wa Utamaro hana budi kupanda ndege kwenda Boston. Nazo nguo zikawekwa kwenye kabati la ufundi, chini ya sanaa.

Marekebisho yamekuja kidogo kidogo. Januari 1949 moto uliunguza michoro ya ukutani ya Horyu-ji, na mshtuko wake ulizaa sheria ya mwaka 1950 ya kulinda mali za utamaduni. Sheria hiyo ilikuja kutambua ustadi wa mikono pia, hata mafundi wa kutia rangi nguo kwa vigezo wakapewa heshima ya kitaifa. Kwa hiyo leo mwanafunzi anaweza kusoma kiambaza cha Korin na kigezo cha mtia rangi katika muhula mmoja bila kuomba radhi.

Na hapo ndipo sisi tunapoingia. Katika karne ya 20, na hasa miaka ya 1950 na 1960, kanga nyingi zilizovaliwa Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam zilichapwa Japani. Wafanyabiashara wa pwani walipeleka michoro na misemo, wachapaji wa huko wakachonga au kukata vigezo, wakachapa, wakafunga marobota, yakapakiwa melini. Kyoto, mji wa Korin, ilikuwa na viwanda vilivyochapa vitambaa kwa ajili ya soko la Afrika, na sampuli zake zimehifadhiwa kulekule. Watafiti wa Kijapani wanazichunguza vizuri: rangi, uzi, mpangilio wa mji na pindo. Lakini msemo ulioandikwa chini ya mji, kwa nini ulichaguliwa mwaka ule, ulimlenga nani, ulizua ugomvi gani mtaani, hilo halisomeki kwa kamusi. Linasomeka kwa bibi aliyeivaa.

Kwa hiyo muhula ujao tutafanya kazi ya pande mbili. Wenye kanga za zamani nyumbani wazilete, wakiomba ruhusa kwa wenyewe, tuzitazame ukingoni kama zina maandishi ya kwamba zimetengenezwa Japani, tuzipige picha, tuandike waliozivaa wanakumbuka nini. Wauzaji wazee wa maduka ya kanga bado wapo, wengine na daftari zao za oda. Hao tuwaendee kabla ya mwaka kwisha. Tutakachopata tutakilinganisha na sampuli za Kyoto, mchoro kwa mchoro. Karatasi ya kujiandikisha iko pale mezani, karibu na nakala ya gombo la Sanjo. Mnaweza kulikunjua pia, mradi mikono iwe mikavu. Sasa nipo tayari kwa maswali.